Amri Moja, Faili Nyingi: Namna ya Kulinda Majibu ya Kila Mgonjwa

Mtunza takwimu anayepokea kila mwezi faili za majibu ya maabara kutoka vituo 40 vya afya halazimiki kuzihakiki moja baada ya nyingine kwa mkono. Akiwa na skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja ili kompyuta iyatekeleze, anaweza kuiamuru kompyuta irudie kazi ileile kwa kila faili. Kwenye Linux, amri huandikwa hivi:

for faili in majibu/*.csv
do
  python3 hakiki.py "$faili" || echo "$faili" >> zilizokwama.txt
done

Nyota humaanisha kila faili ya aina hiyo iliyomo kwenye folda ya majibu. Katika kila mzunguko, neno "faili" hubeba jina la faili moja. Alama za nukuu hulinda majina yenye nafasi: zikikosekana, "Zahanati Januari.csv" husomwa kama majina mawili, na skripti hutafuta faili zisizokuwapo. Mistari miwili iliyosimama huagiza kwamba skripti ikitoa taarifa ya kushindwa, jina la faili hiyo liandikwe kwenye orodha ya zilizokwama, kisha kazi iendelee.

Hata hivyo, hitilafu ya hatari zaidi ni ile isiyotoa taarifa yoyote. Mwaka 2020 nchini Uingereza, majibu ya vipimo vya UVIKO-19 yalihamishiwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, usiobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Watu 15,841 waliothibitika kuambukizwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingizwa kwenye hesabu kwa wakati. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kurudia amri kwa faili zote, mtumishi azingatie mambo manne:

1. Ahifadhi nakala ya faili za awali mahali ambapo skripti haitazigusa.
2. Aijaribu skripti kwa faili moja na kulinganisha matokeo na rejista.
3. Ahesabu faili na mistari kabla na baada ya kazi. Amri ya wc -l huhesabu mistari. Hesabu zisipolingana, asitume ripoti.
4. Aisome orodha ya zilizokwama na kuishughulikia siku hiyohiyo.

Kompyuta hurudia kosa kwa kasi ileile inayorudia kazi iliyo sahihi, na kila mstari unaopotea ni mtu anayesubiri matibabu. Mgonjwa naye, ikiwa siku aliyoahidiwa majibu imepita, asichukulie ukimya kuwa ishara ya uzima. Arudi kituoni aulize. Huenda swali lake ndilo litakalofichua faili iliyosahaulika.