Mifupa ya Mtoto na Kuungana Kwake

Wengi katika sisi hudhani kwamba mtoto huzaliwa na mifupa kamili kama ya baba yake, ila ni midogo tu. Sivyo. Mtoto mchanga ana vipande karibu 300, na mtu mzima ana mifupa 206. Iliyozidi haikupotea, imeungana.

Kila mama aujua utosi unaopwita kichwani mwa mwanawe. Hapo mifupa ya kichwa haijakutana, nao hufunga aghlabu baina ya mwaka mmoja na miwili. Nyonga nayo ni vipande vitatu, ambavyo huwa kitu kimoja zama za kubaleghe. Mtulinga ndio wa mwisho: ncha yake ya kifuani huungana mtu akiwa amekwisha kupita miaka 20.

Kwa kuwa meno na mifupa hukua kwa utaratibu, wataalamu huweza kukisia umri wa maiti. Katika pango la Panga ya Saidi, huku kwetu Kilifi, ilionekana mifupa ya mtoto aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, ikasemwa alikuwa wa miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Ama linalotuhusu zaidi ni hili. Mfupa mrefu wa mtoto, karibu na kila ncha, una bamba la gegedu, nalo ndilo lirefushalo mfupa. Likigeuka mfupa, kimo kimekoma: wasichana aghlabu miaka 14 hadi 16, wavulana baadaye kidogo. Bamba hili ni dhaifu kuliko kano zilizo kando yake. Basi mtoto akianguka mwembeni, kiwiko kikavimba, tulichokiita kuteguka huenda ni bamba limevunjika. Nasi humpeleka kukandwa. Avutwe, achuliwe kwa mafuta, na akilia twamwambia avumilie! Bamba lililoharibika huweza kufunga kabla ya wakati wake, mkono ukawa mfupi au ukapinda.

Hatusemi kwamba wazee waungao mifupa hawana ujuzi. Mfupa uliovunjika katikati, ukinyooshwa na kufungwa banzi, hujiunga wenyewe: damu huganda, pakaota gegedu, kisha mfupa. Lakini kidole cha mkandaji hakioni ndani ya nyama. Mkono ufungwe usitikisike, mtoto apelekwe hospitali ya Malindi au Kilifi apigwe picha kwanza. Wala tusidanganyike kwa kuwa vidole vyake vyacheza. Mkono uliovunjika nao huweza kuchezesha vidole.