Je, Kosa la Jana ni Ushahidi wa Kosa la Leo?

Muhula uliopita fedha za mwenzetu zilipotea bwenini mchana wa Jumamosi. Kabla ya jua kuchwa sisi tulikuwa tumekwisha toa hukumu. Tulimtaja mvulana mmoja ambaye alipokuwa Kidato cha Pili aliadhibiwa kwa kuchukua sabuni isiyo yake. Mimi ndimi niliyesema kwanza, "Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi." Jioni mwalimu wa zamu akatueleza ya kuwa kutwa nzima alikuwa naye shambani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza alikokuwa.

Tangu siku ile nimependa kujua mahakama hufanyaje katika jambo kama hili. Nitatoa mfano wa Marekani, ambako kesi za watu waliowakimbia polisi kwa motokaa si chache, na huweza kuamuliwa na juri, yaani raia wa kawaida, ambao si mahakimu.

Tuseme polisi wanaifukuza motokaa moja usiku. Dereva anaiacha njiani na kutokomea gizani. Kesho yake anakamatwa mtu, naye asema, "Si mimi niliyekuwa nikiendesha." Mwendesha mashitaka anajua ya kuwa mtu huyu aliwahi kufungwa kwa wizi. Je, aiambie juri?

Kanuni za Ushahidi za mahakama za shirikisho, zilizoanza kutumika mwaka 1975, zajibu katika Kanuni ya 404, na majimbo mengi yana kanuni zinazofanana nayo. Kosa la zamani halikubaliwi kwa kusudi la kuonyesha ya kuwa mtu ana tabia mbaya, na kwa hiyo ametenda tena. Lakini laweza kukubaliwa likijibu swali jingine, kama vile sababu ya kutenda, nia, au ujuzi wa jambo. Kwa mfano, ikiwa mshitakiwa alikuwa ametolewa gerezani kabla ya muda wake, kwa sharti asivunje sheria, mwendesha mashitaka aweza kusema, "Hii ndiyo sababu ya kukimbia: aliogopa kurudishwa."

Hata hapo kazi ya jaji haijaisha. Kanuni ya 403 yampa mizani. Upande mmoja aweka faida ya ushahidi, na upande wa pili hatari ya kuwatia juri chuki. Hatari ikiizidi faida kwa kiasi kikubwa, aweza kuukataa. Akiukubali, aweza kuwaonya juri wautumie kwa kusudi lile moja tu. Tena, mshitakiwa akichagua kutoa ushahidi mwenyewe, baadhi ya hukumu zake za zamani, hasa za udanganyifu, zaweza kutajwa ili juri wapime kama maneno yake ni ya kuaminika.

Mwaka 1997 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya Old Chief. Haikuwa kesi ya kufukuzana, lakini yatufundisha. Mshitakiwa alidaiwa kuwa na bunduki ilhali sheria ilimkataza kwa sababu ya hukumu ya zamani. Alishitakiwa pia kwa shambulio. Alikubali kukiri ya kuwa amewahi kuhukumiwa, mradi juri wasiambiwe jina la kosa, maana nalo lilikuwa shambulio. Mwendesha mashitaka akakataa. Majaji 5 kati ya 9 walisema jina lile halikupasa kutajwa: kukiri kwake kulitosha kuthibitisha lililotakiwa, na jina lingeongeza chuki tu.

Basi tusidhani sheria humficha mhalifu. Hukumu ya zamani aliyoipata ni kweli, na adhabu yake alikwisha itumikia. Linaloulizwa leo ni hili: nani alishika usukani usiku ule? Tukilijibu kwa habari za miaka iliyopita, aliyeendesha hasa atabaki barabarani, na asiye na hatia atafungwa.

Fedha zile hazijaonekana mpaka leo, kwani wakati tulipokuwa tukimzomea mwenzetu, hatukumtafuta mtu mwingine. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinijibu maneno machache: "Ungeniuliza tu nilikuwa wapi."