Adabu za Kazi ya Hiari

Ndugu wengi wanaoingia katika Uislamu, na wale ambao wangali wakiuchunguza, huuliza kwanza juu ya sala, saumu na vyakula vilivyo haramu. Maswali hayo ni mazuri. Lakini liko swali jingine liulizwalo kwa nadra: Mtu aliyejiunga na wenzake kwa hiari yake katika kazi ya manufaa ya wote, pasipo mshahara wala kushurutishwa, ana wajibu gani kwao? Wengine hudhani kwamba kwa kuwa aliingia kwa hiari, basi aweza kufanya apendavyo na kuacha apendapo. Dhana hiyo si sahihi, nasi tutalieleza jambo hili kwa mfano ambao wakazi wa Karagwe na Kyerwa wanaujua vizuri, yaani ugonjwa wa migomba.

Mnyauko wa migomba, ambao mkoani Kagera huitwa pia unyanjano, ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mnamo mwaka 2006 ukatambuliwa Tanzania, katika wilaya ya Muleba. Baadaye ukaenea mkoani hata ukafika Karagwe, wilaya ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikazaliwa Kyerwa. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua haijapatikana. Vimelea vyake huchukuliwa na wadudu watembeleao ua dume. Huchukuliwa na machipukizi yanayotolewa shamba moja kupelekwa jingine. Na huchukuliwa na panga la mtu aliyekata mgomba mgonjwa kisha akaenda kukata mzima.

Kinga yake haina gharama kubwa. Ua dume huvunjwa mapema kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Panga hupitishwa motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Na mgomba ulioonyesha dalili huondolewa bila kukawia. Kazi hii aweza kuifanya hata mtoto mkubwa. Ugumu wake uko mahali pengine: lazima ifanywe na kila mtu. Kibanja changu hakina ukuta, na nyuki atokaye kwa jirani hajui mpaka. Kwa hiyo majirani wakipatana kuzungukia vibanja vyao pamoja, kila mmoja huwa ameweka chakula cha watoto wake katika mikono ya wenzake.

Sasa tumwangalie mwanachama ahudhuriaye mkutano tu. Ameandikisha jina, amesema maneno mazuri, lakini siku ya kazi haonekani. Mtu huyu ana madhara kuliko yule aliyekataa kujiunga tangu mwanzo. Maana aliyekataa, watu wanajua kwamba upande wake haujafanywa, nao watautazama kwa uangalifu. Bali huyu ameandikwa kuwa upande wake uko salama, na hakuna aendaye kuutazama. Ahadi yake imekuwa pazia la kufichia ugonjwa.

Huenda mtu akasema: Basi iwekwe faini, na mambo yatanyooka. Faini ina mahali pake. Lakini faini yaweza kumtoza mtu aliyeacha migomba mikavu kando ya njia ambako kila apitaye anaiona. Haiwezi kujua kama alfajiri, alipokuwa peke yake kibanjani, alilipitisha panga motoni au hakulipitisha. Hapo hapana shahidi ila Mwenyezi Mungu.

Liko jambo la pili, nalo twaliona kuwa zito zaidi, ingawa watu hulidharau: ulimi. Mwenye kibanja aonapo jani la kwanza la manjano hujua kwamba akitangaza, atang'oa chakula cha nyumba yake. Tuseme ametangaza, naye akakaripiwa mbele ya watu, akaitwa mvivu na mchafu. Mara ya pili atafanyaje? Atakata usiku, atafukia kimya kimya, na asubuhi ataliazima jirani panga lile lile. Basi maneno makali ya mtu mmoja mwenye bidii yaweza kueneza ugonjwa kuliko uzembe wa watu wengi. Katika sura Al-Hujurat Kurani Tukufu inawakataza waaminio kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na wengine huyasoma makatazo hayo kama mambo ya heshima tu. Kumbe kazi ya umoja haiwezi kusimama pasipo hayo, kwa sababu mtu huleta habari mbaya mahali ajuapo atasikilizwa kwa upole.

Nasi twamkumbusha hasa ndugu mgeni. Ajapo na ari mpya huona makosa mengi, na pengine kweli yapo. Lakini na aanze kwa kushika jembe, awaulize wazee waliopanda mashina yale, kisha atoe shauri lake. Shauri la mtu ambaye mikono yake ina udongo husikika upesi.

Na akipatwa na udhuru? Mwaka 627, Waislamu wa Madina walipokuwa wakichimba handaki la kuulinda mji, Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe alibeba udongo pamoja nao. Walikuwako waliotoroka wakijificha nyuma ya wenzao. Waaminio wa kweli, kama sura An-Nur inavyoeleza, hawakuondoka katika jambo la umoja pasipo kuomba ruhusa. Angalieni kwamba kuondoka hakukukatazwa. Mwenye haja aliruhusiwa aende. Kilichotakiwa ni kusema, ili mahali pake pasibaki wazi bila mtu kujua.

Mwingine atauliza kama Muislamu anapaswa kufungamana hivi na majirani wasio wa dini yake, kwani Karagwe na Kyerwa wako Wakatoliki na Walutheri wengi. Jibu limo katika maisha ya Mtume s.a.w. Alipokuwa kijana, kabla ya kupewa utume, aliingia katika mapatano ya Makka yaitwayo Hilful-Fudhul, ambayo watu wake waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Wenziwe hawakuwa Waislamu. Uislamu ulikuwa haujaja. Baadaye alisema kwamba hata sasa akiitwa kwa mapatano yale, angeitika.

Naye aliitwa. Mtu mmoja mgeni alimdai Abu Jahl bei ya ngamia, akazungushwa. Watu wa Makka, kwa mzaha, wakamwelekeza kwa Mtume s.a.w., wakijua uadui wa Abu Jahl juu yake. Hapakuwa na mwenzake hata mmoja wa kufuatana naye siku ile. Akaondoka peke yake pamoja na yule mgeni, akabisha mlango wa adui yake, akamtaka alipe haki ya mtu. Abu Jahl akarudi ndani, akatoka na fedha, akalipa zote palepale.