Paka shume kamng'ata paka wangu, nianzie wapi?

SWALI: Daktari, nina paka dume anaitwa Bonge, ana miaka miwili na nusu. Usiku wa Ijumaa alipigana na paka shume anayezurura huku kwetu Kilwa Masoko, upande wa soko la samaki. Asubuhi nikaona mkwaruzo puani na damu kidogo sikioni, nikashukuru kwamba ameponea chupuchupu. Leo ni siku ya tatu. Anachechemea mguu wa mbele, bega limevimba, na hata kichwa cha changu hakitaki. Mume wangu anasema tumpe nusu ya Panadol. Mama mkwe anasema tumpeleke baharini tumwoshe. Jirani ameshanunua sumu ya panya, anataka kumtegea yule shume ndani ya samaki. Nimsikilize nani? Bonge hajawahi kuchanjwa chochote.
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Mwanangu, katika hao watatu, mama mkwe ndiye aliyekaribia, ingawa naye itabidi tumpunguzie chumvi. Panadol usimpe hata chembe. Jirani mzuie leo hii, kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu yule shume namtaka akiwa hai. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza hilo bega. Mkwaruzo wa puani ndio uliokutisha, lakini ukucha hukwaruza juu ya ngozi na mara nyingi kidonda hujikaukia chenyewe. Jino ni habari nyingine. Chonge la paka ni jembamba na refu, hupenya kama sindano, huacha tundu dogo lisilotoa hata damu, na humo ndani hupandikiza bakteria wanaoishi siku zote mdomoni mwa paka. Ngozi ya paka hufunga upesi. Kesho yake tundu halionekani, manyoya yamelifunika, na uchafu umefungiwa ndani. Siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, pale mahali panavimba, panakuwa pa moto, na paka anapata homa, analala kutwa na kususa chakula. Hilo ni jipu linalotunga usaha, na kwa maelezo yako ndilo analoumwa Bonge.

Tafuta matundu ya meno. Mviringishe kwenye kanga nzito, kichwa kikiwa nje, mtu mzima mmoja amshike, wewe upapase kwa ncha za vidole ukienda kinyume na manyoya. Chonge huenda mbili mbili, kwa hiyo ukipata tundu moja tafuta la pili karibu yake. Kagua shingo, mashavu, miguu ya mbele, kisha shina la mkia. Paka aliyesimama akapigana huumia mbele. Aliyekimbia huumwa matakoni. Bonge, kwa hesabu hiyo, hakukimbia. Vaa glovu za mpira unapofanya kazi hii, na watoto wakae mbali: mate ya paka mwingine bado yanaweza kuwa kwenye manyoya, na paka mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha.

Sasa maji ya chumvi. Wazo la mama mkwe ni zuri, kosa ni bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji yanayofaa kidonda yana gramu 9 hivi. Ya bahari ni makali karibu mara nne, yatamuunguza, na pale karibu na mitumbwi na soko la samaki yamechanganyika na matumbo ya samaki na mafuta ya injini. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa juu, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Punguza manyoya kuzunguka tundu kwa mkasi wenye ncha butu. Chovya shashi au kitambaa safi, kamua kidogo, mkande pale penye uvimbe kwa dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku. Pamba usitumie, nyuzi zake hubaki kidondani. Jipu likipasuka lenyewe utasikia harufu mbaya na usaha utatoka mwingi. Usishtuke, hiyo ni nafuu. Endelea kusafisha ili tundu lisizibe juu wakati ndani bado pachafu. Wembe wa kulipasulia usiushike.

Yapo mengine ambayo watu wa pwani hupaka kwa nia njema na mimi nayakataa. Paka hujilamba. Chochote unachomtia mwilini, hesabu kwamba umemlisha. Ndiyo maana Dettol, na dawa nyingine za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, hazimfai: zinamuunguza ulimi na kumpa sumu. Utomvu wa mshubiri na mafuta ya mwarobaini hayamfai pia. Inzi wakianza kutua kwenye kidonda usimnyunyizie dawa ya kupe ya ng'ombe wala ya kunguni. Nyingi zina viuatilifu vya jamii ya pemetrini, ambavyo mbwa na ng'ombe huvistahimili, lakini paka humtia kifafa na kumuua. Mfungie ndani, osha kidonda, ukiona funza nenda kwa mtaalamu.

Na Panadol? Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Inabaki mwilini inaharibu damu, ambayo hushindwa kubeba hewa. Fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na nyayo zinavimba, na paka anakufa akihema. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Nusu yake siyo huruma ndogo, ni sumu ileile. Diklofenaki na aspirini ya nyumbani nazo ziache kabatini.

Dawa anayohitaji Bonge ni ya kuua bakteria, na pengine kupasuliwa jipu kwa utaratibu. Hilo ni la daktari wa mifugo. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako au ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa. Neno moja hapa: wilaya yetu imepokea ng'ombe wengi tangu wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipoletwa mikoa hii ya kusini, kwa hiyo mkono wa mtaalamu wako huenda umezoea mnyama wa kilo 300. Paka ana kilo tatu au nne. Usikubali sindano ya kukadiria kwa macho. Mtie Bonge kwenye kapu, nenda kwa mchuuzi mwenye mizani ya samaki, mpime, utoe uzito wa kapu, uende na namba hiyo mkononi. Kwa kipimo hicho mtaalamu anayejua kazi yake atakokotoa dozi mbele yako.

Usingoje kesho ukiona jicho limekwaruzwa, anafumba au linatoa machozi. Au anahema kwa mdomo. Au tundu liko kifuani ama tumboni. Au mguu umelegea kabisa. Njaa nayo ina kikomo. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa aliyenenepa kama jina la huyu wako linavyodokeza, ini lake hujaa mafuta na kushindwa kazi. Mpashie mchuzi wa samaki usio na kitunguu wala viungo, uwe vuguvugu, harufu imfikie. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo masikio ya moto yasikudanganye. Kipimajoto cha nyuma ndicho kisemacho kweli, na kikishatumika kwa paka kisirudi kwa watoto.

Nimefika kwa yule shume.

Kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, humpata paka pia, na hupita kwa mate kupitia jino. Ukanda wetu unaujua ugonjwa huu kwa karibu. Kuanzia 2010 Serikali na Shirika la Afya Duniani waliendesha hapa kusini mashariki mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, katika wilaya 28 za Tanzania, zikiwemo za mikoa ya Lindi na Mtwara. Visa vilipungua kadiri mbwa walivyochanjwa. Lakini watafiti waliofuatilia visa vya wanyama katika mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 walikuta zaidi ya vinne katika kila kumi ni vya bweha. Bweha hafuati wito wa kuchanjwa, na paka anayewinda usiku pembeni mwa mji anaweza kukutana naye. Pemba, ambayo ni kisiwa na haina bweha, ilifanikiwa kuuondoa ugonjwa, ukarudi mwaka 2016, wakauondoa tena kwa chanjo.

Sisemi yule shume ana kichaa. Madume hupigana kila siku kwa ajili ya jike na eneo, na shume anayeshinda kwenye meza za wavuvi akigombania matumbo ya samaki huenda ni mzima kuliko Bonge. Ila ipo njia ya kujua bila gharama. Paka au mbwa ambaye mate yake yamekwisha kuwa na virusi huugua na kufa ndani ya siku chache. Akiwa hai na mzima siku kumi baada ya kung'ata, basi siku ile hakuwa na uwezo wa kuambukiza. Hesabu kuanzia Ijumaa usiku. Waombe wauza samaki, wanaomwona kila alfajiri, wawe macho yenu.

Ndiyo sababu sumu ya jirani ni hasara. Shume akifa Jumatano kwa sumu, kwa kumtazama hutajua kama alikuwa mgonjwa, maana mnyama mwenye sumu na mwenye kichaa wote wanaweza kutetemeka na kutoa mate. Samaki yule wa mtego anaweza pia kuliwa na kuku wako. Shume akifa mwenyewe, au akianza kushambulia watu, kubadilika sauti, kudondosha mate au kupooza miguu, usimguse na usimzike. Mwite afisa mifugo achukue sampuli. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara.

Bonge achanjwe kichaa cha mbwa sasa, bila kungoja siku ya kumi, isipokuwa mtaalamu akiona homa imezidi. Na kama shume atatoweka msimwone tena? Hapo Bonge akae kifungoni, chumbani au bandani, alishwe na mtu mzima mmoja, kwa miezi minne hadi sita kama afisa mifugo atakavyoelekeza. Najua ni mirefu. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwa paka wala kwa mtu.

Na wewe je, au mtoto, amewang'ata au kuwakwaruza yeyote kati ya paka hao wawili? Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kinyonga pale Kivinje ndiyo hospitali yenu ya wilaya. Hesabu ya siku kumi haiwi sababu ya kubaki nyumbani. Hata bila kichaa, jino la paka kwenye kiungo cha kidole huweza kuvimbisha mkono mzima kufikia kesho.

Bonge akipona, mhasi. Dume aliyehasiwa huzurura na kupigana kwa uchache mno, na mapigano ndiyo njia kuu ya virusi vya paka vinavyomla kinga taratibu, ndugu wa virusi vya UKIMWI, ingawa vyenyewe havimwambukizi binadamu, na havina dawa. Nimewahi kuulizwa kama koleo la kuhasia mbuzi linafaa. Halifai. Ni upasuaji mdogo wa dakika chache, unaofanyika paka akiwa usingizini. Muulize mtaalamu kabla ya kukubaliana bei: dawa gani ya usingizi, na kiasi gani kwa kilo. Asiye na jibu mshukuru, umuage.