Kompyuta Pepe Ikikataa Kuwaka: Nakili Kwanza, Usiifute

Mkazi wa Litein, tuseme chama chenu kinaweka hesabu ya kilo za majani chai ndani ya kompyuta pepe. Jioni stima inapotea ghafla. Ikirudi, kompyuta yenyewe inawaka vizuri, lakini ile pepe inaonyesha skrini nyeusi tu. Wengi huifuta na kuanza upya, ilhali mara nyingi hesabu bado zimo.

Kompyuta pepe ni programu inayoigiza kompyuta, na diski yake kwa kawaida ni faili moja kubwa. Ikiwashwa hutafuta diski, husoma programu ya kuwashia, kisha huamsha mfumo endeshi. Hatua moja ikikatika, haiwaki. Ikiwa unatumia VirtualBox na Ubuntu, fuata utaratibu huu:

1. Izime kabisa, kisha nakili folda yake yote kwenye diski ya nje. Nakala hiyo usiiguse. Ukikosea, utarudi kwayo.

2. Angalia nafasi. Diski ya kompyuta yenyewe ikijaa, ile pepe hukwama.

3. Kagua mipangilio. Je, diski bado imeunganishwa? Mfumo uliosakinishwa EFI ikiwa imewashwa hauwezi kuwaka EFI ikizimwa.

4. Iwashe kwa faili ya usakinishaji ya Ubuntu, uchague kujaribu bila kusakinisha. Andika lsblk uone sehemu za diski. Ikiwa mfumo uko sda2, andika: sudo fsck /dev/sda2. Sehemu hiyo isiwe imefunguliwa wakati huo.

5. Sasa ifungue, utoe faili za hesabu kabla ya jambo lingine lolote. Kama bado haiwaki, fundi ataweka upya GRUB, programu ya kuwashia, hesabu zikiwa tayari salama.

Mbinu hii ya kuingia kwenye diski kwa njia nyingine hutumiwa hata na mashirika makubwa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani. Kwa kompyuta pepe, njia moja ilikuwa kuunganisha diski yake kwenye mashine nzima, kufuta faili iliyoleta hitilafu, kisha kuirudisha.

Fanya nakala kila wiki. Majani yakishafika kiwandani hayarudi kituoni kupimwa tena, na hesabu ikipotea, mkulima ndiye anayepoteza.