Maungio ya zege: amua mwenyewe ufa utapita wapi

SOMO la wiki hii linamhusu mfanyabiashara anayejenga ghala, fremu za maduka au yadi, kwa akiba yake au kwa mkopo. Mtu wa namna hiyo hufuatilia bei ya saruji, nondo na kokoto kwa makini sana. Suala la maungio, yaani mahali zege litakapogawanywa na mahali kazi ya siku itakaposimama, humwachia fundi. Naye fundi mara nyingi huliamua jioni, mchanga ukiisha au mvua ikianza.

Tuanze na hesabu. Zege hunywea linapokauka, kwa kawaida kama nusu milimita au zaidi kidogo kwa kila mita moja. Sakafu ya urefu wa mita 18 ingetaka kupungua milimita 9 hivi. Lakini haiko huru, kwani imekalia kifusi na kushikana na nguzo na kuta. Inavutwa, na zege ni hodari wa kubeba mzigo unaoligandamiza lakini ni dhaifu sana linapovutwa. Hapo linapasuka. Nondo haizuii ufa kutokea, huushika tu usipanuke. Fundi anayekuahidi sakafu kubwa ya kawaida isiyo na maungio wala ufa anakuuzia maneno.

Tuchukue ghala la mita 18 kwa 9, sakafu ya unene wa milimita 150. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nafasi kati ya mkato na mkato iwe mara 24 hadi 36 ya unene, yaani hapa kati ya mita 3.6 na 5.4. Tukichagua mita 4.5 tunapata vipande 8 vya mraba, bila mabaki. Mraba ndio umbo zuri. Kipande kirefu chembamba hujipasua chenyewe katikati, kwa hiyo urefu usizidi mara moja na nusu ya upana.

Mkato wenyewe uwe na kina cha robo ya unene, kwa sakafu yetu karibu milimita 38. Ile mistari ya urembo ya milimita 5 inayochorwa kwa mwiko haifanyi kazi hiyo. Ufa hufuata njia iliyo dhaifu kuliko nyingine zote, na mstari wa milimita 5 hauidhoofishi sakafu vya kutosha.

Muda nao una bei yake. Mashine ya kukatia zege hutakiwa kuanza kati ya saa 4 na 12 baada ya kusawazisha, na kwenye joto kama la Dar es Salaam mapema zaidi kuliko kwenye baridi. Dalili ya kuwa tayari ni msumeno kupita bila kung'oa kokoto. Anayekodi mashine siku tatu baadaye amekodi bure, kwa sababu ufa umeshachagua njia yake.

Sasa mahali pa kusimamisha kazi. Sakafu yetu inahitaji zege mita za ujazo 24.3, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni kama mifuko 155 ya kilo 50. Mashine ndogo ya kukorogea haitamaliza kwa siku moja. Mwenye mpango anamwaga ukanda mmoja wa mita 4.5 kwa 18, anazuia kwa ubao ulionyooka, kisha ukanda wa pili siku nyingine. Mstari wa katikati tayari ni maungio. Mikato iliyobaki ni mitatu ya mita 9, jumla mita 27 badala ya 45. Kama fokolifti itavuka hapo, mhandisi ataweka vyuma laini vya mviringo katikati ya unene, nusu moja ikipakwa grisi, ili vipande viachane vinaponywea bila kimoja kupanda juu ya kingine. Bila hivyo magurudumu hula kingo, vumbi huingia kwenye bidhaa, na mpangaji huanza kudai punguzo la kodi.

Kuzunguka nguzo na kandokando ya kuta sakafu itenganishwe kabisa kwa ubao laini au kitu kingine kinachobonyea. Ni gharama ndogo mno kuibishania.

Ghorofani mambo hubadilika, kwa sababu hapo kinachochezewa ni uhai wa watu. Boriti au zege la juu lisikatishwe jirani na nguzo, ambako nguvu ya kukata ni kubwa. Likilazimika kusimama, lisimame katika theluthi ya kati ya nafasi kati ya nguzo na nguzo, kwa ubao wa wima, nondo zikipita moja kwa moja. Zege lililoachwa limemwagika kwa mteremko huacha ncha nyembamba isiyo na nguvu. Kabla ya kuendelea, utando laini wa uji wa saruji ukwanguliwe mpaka kokoto zionekane, paoshwe, palowane bila maji kutuama. Mahali hapo paamuliwe na mhandisi kwenye mchoro, kabla saruji haijafika.

Tangi la maji nalo huvuja kwanza pale kazi ya jana ilipokutana na ya leo, hivyo mkanda wa kuzuia maji uwekwe kabla ya kumwaga.

Kwa upande wa fedha, andika maungio kwenye makadirio kama kazi inayojitegemea: mita za mikato, vyuma vya kuunganisha, ukodishaji wa mashine na lami ya kuziba. Yakiachwa ndani ya bei ya jumla ya sakafu, mkandarasi aliyebanwa huanza kupunguza hapo hapo. Malipo ya sakafu yasikamilishwe siku ya kumwaga. Zuia sehemu kwa makubaliano ya maandishi, na baada ya wiki kadhaa pita na futi kamba ukaone kama nyufa ziko ndani ya mikato au nje yake.