UPEPO, MAJABALI NA KUIKADIRIA NJIA YA MOTO WA MSITUNI

Asimamaye bandarini Malindi wakati wa Kusi huhisi upepo ukimjia kwa mkondo mmoja. Akishaingia katika vichochoro vya mtaa huo huo, moshi wa seredani humjia usoni kwa upande asioutarajia. Upepo ni ule ule. Kuta ndizo zilizoupinda.

Milima nayo huupinda upepo, na hapo ndipo makadirio ya moto hukosea. Mchana hewa iliyopata joto hupanda mteremko, na usiku hushuka. Moto upandao huyakausha majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia. Kanuni itumikayo Australia ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko huuzidisha mwendo wa moto mara mbili. Lakini nyuma ya kilele upepo huvunjika, hujizungusha na kurudi kinyume, na moto uliodhaniwa utateremka huenda ubavuni. Hayo yalionekana katika moto ulioufikia mji wa Canberra tarehe 18 Januari 2003, ukaua watu 4 na kuteketeza nyumba karibu 500.

Hesabu aliyoichapisha Richard Rothermel wa Marekani mwaka 1972 ingali msingi wa programu nyingi za kukadiria moto. Huchukulia kuwa upepo na mteremko ni wa namna moja mahali pote. Katika mabonde ya Kilimanjaro, ulikowaka moto mkubwa Oktoba 2020, dhana hiyo haisimami.

Ndugu msomaji atasema Unguja haina milima. Ni kweli; hata Masingini ni kilima tu. Hata hivyo, upepo unaopimwa katika uwanja wa ndege wa Kisauni hupimwa mahali peupe, juu ya ardhi kiasi cha mita 10. Katika maweni ya kusini, ukingo wa msitu huuzuia upepo na uwanda uliofyekwa huuachia, na alasiri upepo wa bahari huja ukaugeuza tena.

Kwa hivyo anayekusudia kuchoma konde jirani na Jozani asitegemee tangazo la redio peke yake. Baada ya kumwarifu Sheha na kupata ruhusa, asimame pale pale kondeni, arushe vumbi au majani makavu, na atazame kwa muda wa robo saa. Yakibadili upande mara mbili au tatu, moto usiwashwe siku hiyo.